Alama ya Sentimita Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Juzi Jumamosi, tarehe mosi Machi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, tulipoteza siku mia moja na nne. Hamsini na sita ni zile alizokaa yule farasi Karani hapa kituoni kwangu, arobaini na nane ni zile alizokaa huko zizini kwako. Zote zimekwenda kwa hatua moja. Daktari alinipigia kabla hajanawa mikono: mguu wa mbele wa kulia, kano ileile ya nyuma, imechanika tena pale pale ilipochanika mara ya kwanza.

Shikamoo. Naiweka hapa kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, ila ujue leo nimeichelewesha makusudi.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu kila nikifika penye swali mtandao wako unakuwa mbaya. Barua haikatiki. Itakuja kesho na lori la majani, na jibu lako nalingoja lori likirudi Ijumaa, kama ambavyo kurasa za daftari la vipimo huja na kurudi.

Nianze na hesabu. Karani aliletwa kwangu tarehe 18 Novemba akiwa hawezi kuweka kwato chini. Picha ya daktari ilionyesha tundu kwenye kano, asilimia thelathini na nane ya unene wake. Wiki ya kwanza barafu, dakika ishirini mara tatu kwa siku, na matembezi ya dakika tano. Nasema tano, na nilisimama na saa mkononi, maana ungemwachia yeye angezunguka kituo chote kukagua ndoo za wenzake. Kila wiki tukaongeza dakika. Wiki ya sita akaanza kuvuka fito chini, fito sita, nafasi ya sentimita themanini. Karoti katikati ya miguu ili anyooshe shingo na mgongo. Mfereji wa maji ya magotini, mita ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi. Tarehe 13 Januari nilipomrudisha kwenu alikuwa anatembea dakika thelathini bila kuchechemea, na picha ya wiki ya kumi na mbili ilisema tundu limebaki asilimia nane. Nane, Kaka. Kutoka thelathini na nane.

Sharti la mchakamchaka lilikuwa moja, nimeliandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi yangu ya maelekezo: asikimbie hata hatua moja mpaka tofauti ya unene kati ya mguu mgonjwa na mguu mzima iwe chini ya nusu sentimita, siku kumi mfululizo. Mimi nilikadiria hilo litatokea wiki ya ishirini. Kwenye daftari lako limetokea wiki ya kumi na nne.

Nimezitoa nakala zangu za kurasa za Februari. Tarehe 8 mguu wa kulia una sentimita 22.4. Tarehe 9 una 20.5. Sentimita moja na pointi tisa ndani ya saa ishirini na nne. Mguu wa farasi si puto, kwamba umetobolewa usiku upepo ukatoka.

Nina maswali matatu. Nani alipima? Kwa futi ipi? Alipima wapi?

Karani apewe barafu kama wiki ya kwanza. Asitoke bandani. Nisalimie wifi.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 6 Machi

Mama Futi,

Marahaba, ingawa imefika imechoka njiani.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa juu ya ndoo. Unaandika kama hakimu. Hata wifi yako aliponiona usoni akauliza nani amefariki.

Majibu ndiyo haya. Nilipima mimi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chakula na kabla ya maji, kama ulivyotaka. Futi ni ileile ya manjano ya fundi cherehani, uliyonifungia kwenye mfuko wa nailoni kama dawa ya mtoto. Nilipima kwenye alama. Hakuna mkono mwingine unaomgusa Karani, na akiguswa na mwingine anauma, hilo unalijua kuliko mimi, kovu unalo.

Sasa na mimi niulize. Nani alikufundisha kusikiliza joto la mguu kwa mgongo wa kiganja? Ulikuja hapa na buti zilizokuzidi namba mbili, unasukuma toroli la samadi, unawaogopa hata punda. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikauweka juu ya kano nikakwambia, hapa pakiwa moto kuliko pale, kuna kitu. Leo una mabanda sita, una mfereji wa saruji, una karatasi zenye mistari, na mimi napimwa kama mzigo. Sawa. Umejijenga mwenyewe, sikatai. Lakini labda karatasi yako ndiyo iliyokosea. Umewahi kulifikiria hilo? Farasi hajui kusoma.

Jumamosi nilikuwa mimi kwenye kamba. Dakika ya pili ya mchakamchaka, kando ya ukuta, pale ardhi iliposhindiliwa. Nilisikia kwato zinapiga nne nne sawasawa, kisha moja ikachelewa. Nilisimama kabla yeye hajasimama. Akanyanyua mguu akanitazama kama mtu aliyeletewa karatasi yenye makosa aisahihishe. Ndivyo ilivyokuwa. Sina cha kuongeza.

Lililo muhimu ni hili. Bosi alikuja Jumapili. Akasimama mlangoni kwa Karani, mikono mfukoni, Karani akamkagua vifungo vya koti kimoja kimoja kama kawaida yake.

Akauliza, "Mlifuata karatasi ya yule mama yote?"

Nikasema, "Tulifuata, bosi."

Akasema, "Basi kama mmefuata yote na bado amechanika, huyu mguu hauponi. Simtesi mnyama mara ya tatu."

Amempa daktari tarehe. Jumamosi ya 22, saa nne asubuhi, sindano ya mwisho.

Kwa hiyo mimi usinipigie hesabu, mpigie Karani. Zimebaki siku kumi na sita.

Wifi anakusalimu. Anasema ule.

Kaka yako

*

Jumatatu, 10 Machi

Kaka, shikamoo.

Safari hii imewahi.

Barua yako imenikasirisha hadi nikaenda kufagia mfereji ambao ulikuwa umefagiwa. Kisha nikakaa. Ni kweli ulinishika mkono ukauweka juu ya kano. Sijawahi kumficha mtu hilo, wala mwenye farasi yeyote anayeniuliza nimesoma wapi. Nasema, nimesoma kwa kaka yangu, kwenye zizi la tatu.

Na ulivyosema labda karatasi ndiyo iliyokosea, nimelichukua. Nimelifungua daftari langu na nakala za kurasa zako upya, mstari kwa mstari, kama vya mtu nisiyemjua. Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mapema: nikausoma mguu wa kushoto.

Mguu wa kushoto ni mzima. Haujawahi kuumia. Tangu tarehe 18 Novemba hadi tarehe 8 Februari, siku themanini na tatu, uliandikwa 20.8. Siku chache 20.7, siku moja 20.9 aliposimama sana bandani kwa mvua. Tarehe 9 Februari umeandikwa 20.1, na ukabaki hapo.

Kaka, mguu mzima hauna uvimbe wa kupungua. Miguu miwili haiwezi kukonda siku moja, mmoja ukiwa mgonjwa na mwingine mzima. Kilichohama si mguu. Ni mahali pa kupimia.

Sikutuhumu. Alama niliiweka mwenyewe kwa mkasi: kipande cha nywele kilichokatwa, mraba wa ukubwa wa ukucha, upande wa nje wa kila mguu. Wino ungefutika akioshwa, ndiyo maana nikachagua nywele. Ukipima juu ya alama kwa vidole vitatu, umepita uvimbe, unapima mguu uliokaribia kuwa mzima. Utapata namba nzuri sana. Utapata 20.5.

Unaelewa maana yake? Kama mahali palihama, basi tarehe 26 Karani alianza kukimbia na mguu wenye tofauti ya sentimita moja na nusu, sio pointi nne. Karatasi haikushindwa. Karatasi haikufuatwa. Mguu wenyewe ulikuwa unapona, na unaweza kupona tena, na Bosi anamwua farasi anayeponyeka kwa sababu ameambiwa yote yalifanywa sawa.

Kwa hiyo swali ni moja tu sasa. Ni nini kilitokea kati ya asubuhi ya tarehe 8 na asubuhi ya tarehe 9 Februari?

Nakula. Mwambie wifi.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 13 Machi

Mama Futi,

Daftari lenyewe hili hapa, lote, siyo kurasa. Karani anakula vizuri. Barafu anaipata.

Kaka yako

*

Ijumaa, 14 Machi

Kwa mwenye kituo cha viungo vya farasi,

Bibi,

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu nakuheshimu kazini. Farasi wangu wanne wamepita mikononi mwako na watatu wanakimbia.

Juu ya huyu wa nne nimekwishaamua, isipokuwa kama utanipa sababu ya kuamua vingine. Msimamizi wangu ameniambia maelekezo yako yalifuatwa yote. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita na nimemwamini. Hata hivyo mwenye maelekezo ni wewe, na sijakusikia.

Swali langu: je, maelekezo yalifuatwa yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho? Ukisema ndiyo, basi mguu umeshindwa wenyewe, na sitamwacha mnyama aishi kwa maumivu ili mimi nijisikie vizuri. Ukisema hapana, nataka kujua ni nini hakikufuatwa na ni nani, na nitakupa muda mwingine wa kumtibu, kwa gharama yangu.

Utanifahamu vizuri nikikwambia kwamba mwaka jana nilimwachisha mtu kazi. Alikuwa amevunja kitu kidogo. Nilimwachisha kwa kukificha.

Nangoja jibu lako hadi Ijumaa tarehe 21, jioni.

Mwenye farasi

*

Jumatatu, 17 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimeambatanisha nakala ya barua ya Bosi. Soma mpaka mstari wa mwisho kabla hujaendelea na yangu.

Umesoma? Haya.

Daftari nimelipata. Hukuandika neno lakini ulijua nitafungua ukurasa gani. Sikuwahi kuuona ukurasa wa kulia kwa sababu kila Ijumaa ulikuwa unanichania wa kushoto tu, wa namba, na wa kulia ni wa chakula na shughuli za zizi. Jumamosi tarehe 8 Februari, kwa mwandiko wako, chini ya magunia ya pumba: "Wageni kesho. Kunyoa wote tisa. Bendeji nyeupe."

Wote tisa. Karani ni mmoja wa tisa.

Sitaki kuyamalizia mimi mawazo haya. Nataka uyaandike wewe. Kwa maneno yako, na upesi. Lori linarudi Ijumaa jioni, litakuwa limechelewa. Daktari anakuja huku Alhamisi kumwangalia jike mmoja hapa. Mpe yeye barua.

Mdogo wako

*

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Wageni walikuwa wa Jumapili, na Bosi alitaka waone farasi wanaong'aa. Nilishika mashine mwenyewe kwa sababu wengine wananyoa kama wanalima. Nilianza saa mbili asubuhi. Nilipofika kwa Karani walikuwa wamebaki wawili, mkono umechoka, mashine imepata moto, na yeye amesinzia. Ndiyo, alisinzia, ananipenda nikimnyoa. Nikamnyoa shingo, kifua, nikashuka miguuni, na alama zako nikazipitia kama mtu anayefuta ubao. Nilipoinuka nikaona miguu imekuwa laini kama kikombe. Ndipo nikakumbuka.

Nikakaa chini pale pale kwenye nywele. Nikaichukua karatasi yako nione alama iwe wapi. Karatasi inasema: "Pima kwenye alama." Basi. Haisemi vidole vingapi kutoka gotini, wala sentimita ngapi. Hiyo namba iko wapi? Ninavyokujua, imo kwenye daftari lako, kwenye droo yako, na ufunguo umo shingoni mwako.

Ningekupigia. Dakika moja ingetosha. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini ingebidi niseme, mimi niliyekushika mkono, nimeifuta alama yako kwa ajili ya wageni wa kula keki. Nikasema, mguu huu nimeupapasa karibu mwezi mzima, nitashindwa kupajua? Nikapapasa, nikapata mahali, nikakata alama mpya kwa mkasi. Miguu yote miwili, sawasawa. Nilipima sana ili iwe sawasawa. Hapo sikukosea hata nukta, mahali penyewe ndipo nilipokosea.

Sasa nisikilize, kuna jingine, na hili hata wifi yako alilijua jana tu. Vidole vya mkono wangu wa kulia vina ganzi. Tangu mwaka juzi. Kwanza viwili, sasa vinne, na mgongo wa kiganja nao. Nikishika kikombe cha chai sijui kama kina moto mpaka kifike mdomoni. Ile asubuhi niliposema nimepapasa, nilipapasa kwa mkono usiosikia. Na kila siku baada ya pale, nikipima kwa futi, niliweka kiganja juu ya kano kama nilivyokufundisha, nikaandika "baridi". Niliandika baridi siku ishirini na moja. Sijui kama ilikuwa baridi. Mkono wa kushoto unasikia kidogo, lakini kwa mkono wa kushoto mimi ni mwanafunzi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Lakini usinifunge peke yangu.

Kurasa za Februari zilikuja kwako Ijumaa ya 14 na Ijumaa ya 21. Zilikuwa na mguu wa kushoto, uleule 20.1. Na zilirudi kwangu Jumanne ya 25 na tiki yako nyekundu, na maneno haya kwa mkono wako, ninayo hapa: "Safi sana. Anza mchakamchaka, dakika mbili." Barua zako tatu zina hesabu ya kila kitu. Barafu imo, fito zimo, mita za mfereji zimo. Tiki haimo. Nimeitafuta.

Nilimwambia Bosi tulifuata. Nilisema "tuli", sikusema "nili". Nilikuwa nakufunika na wewe pia.

Vyumba hivi viwili ni vya zizi. Nikifukuzwa leo, wifi yako anafungasha leo. Nina miaka hamsini na nane na mkono mmoja na nusu. Yule aliyefukuzwa mwaka jana alikuwa na ishirini na tisa na mikono miwili.

Karani ananyanyua mguu sasa kila nikipita, hata nisipomwomba, ili nimwekee barafu. Sijui nani amemfundisha.

Kaka yako

*

Alhamisi, 20 Machi

Kaka, shikamoo.

Daktari amenipa barua yako mlangoni, nimeisoma akiwa anavaa buti, ameondoka kwenda kwa jike, nami naandika juu ya kifuniko cha pipa la pumba. Ataondoka hapa saa tisa na barua hii, na atakuja kwako kesho asubuhi kumpiga Karani picha nyingine. Nina saa mbili.

Ndiyo. Tiki ni yangu.

Nakwambia ilivyokuwa. Ijumaa ya 21 Februari nilipata kurasa, nikatazama safu moja, ile ya tofauti. Pointi nne, pointi nne, pointi tatu. Sikutazama ya kushoto. Nilifurahi. Wiki sita kabla ya makadirio yangu, nikajiona mimi ni fundi kweli kweli. Nilikwisha kumsimulia hadi muuza majani. Mtu mwingine yeyote angeniletea namba hizo ningemwambia rudi kapime tena. Zilikuwa namba zangu, zinanisifu, nikaziamini. Kisha zikaua kano, na mimi nikakuandikia barua tatu bila kuitaja tiki. Uliitafuta. Hukuikuta kwa sababu niliiruka, na niliiruka nikijua.

Na namba ya alama ni kumi na nne. Sentimita kumi na nne kutoka ile nundu ya nyuma ya goti. Imo kwenye daftari langu, kwenye droo, kama ulivyosema. Miaka yote hii sijawahi kuiandika kwenye karatasi ya mteja. Nilijiambia ni kwa sababu alama inatosha. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aweze kuifanya kazi yangu bila mimi. Kuanzia leo iko juu ya kila karatasi, kwa wino.

Kuhusu mkono wako. Pole. Ningependa nijue mwaka juzi. Nenda hospitali, sio kwa daktari wa farasi, maana najua utamwonyesha yeye. Na kuanzia kesho jioni wifi ndiye aweke kiganja kwenye mguu wa Karani, wewe ukimwelekeza. Mfundishe kama ulivyonifundisha. Karani akimuuma, mwambie ampe karoti kwanza.

Sasa hesabu, na hii ni ya mwisho.

Picha ya tarehe 3 inaonyesha tundu jipya ni asilimia ishirini na moja. Mara ya kwanza lilikuwa thelathini na nane, na tukalishusha hadi nane kwa wiki kumi na mbili. Nimemuuliza daktari uso kwa uso sasa hivi: huyu atapona? Amesema, "Kukimbia mashindano, sahau. Kutembea, kupanda mlima na mtu mgongoni, bila maumivu, mwaka mmoja, nafasi saba kwa kumi." Nikamwuliza, utamwambia Bosi hivyo? Akasema, "Nitamwambia akiniuliza. Lakini yeye haniulizi mimi juu ya kano. Anauliza kama karatasi ilifuatwa." Kwa hiyo maisha ya Karani yananing'inia kwenye jibu la swali moja, na wanaolijua jibu ni wawili.

Barua yangu kwa Bosi nimeimaliza. Ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wangu: tiki nyekundu, safu ambayo sikuisoma, namba kumi na nne niliyoificha kwenye droo. Huo unakwenda, hata iweje, na ninajua maana yake kwa kituo hiki. Ana marafiki wenye farasi, na wote wanasikilizana.

Ukurasa wa pili ni wako. Kunyoa, alama mpya, na lile "tulifuata" ulilomwambia mlangoni. Mambo ya vidole sikuyaandika. Hayo ni yako, utayasema kwa nani utakavyo.

Sitaki kuutuma ukurasa wa pili. Sio kwa kukuhurumia. Umeona mwenyewe Bosi alivyoandika: yule mtu hakuondoka kwa kuvunja, aliondoka kwa kuficha. Ukienda wewe, kwa miguu yako, kabla yangu, utakuwa mtu aliyekosea. Akiisoma kwangu, utakuwa mtu aliyeficha. Sina uhakika kwamba itakuokoa. Naweza kukupa nafasi nne kwa kumi, na hapo nimekuwa mkarimu. Usipookoka, hapa kuna chumba kimoja, kina bati jipya na mlango unaofunga. Nataka mtu atakayesimama kando ya mfereji asikilize kwato, maana mimi masikio yangu hayajafika kwako. Mshahara ni mdogo kuliko wa huko kwa theluthi. Sikubembelezi, nakutajia tu.

Lakini kwamba nimwandikie Bosi "ndiyo", hilo usiniombe, hata kwa jina la mama. Kaka, nikiandika ndiyo, Jumamosi saa nne Karani atanyanyua mguu akidhani daktari ameleta barafu.

Daktari atakuwa zizini kwako kesho Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi. Saa sita kamili mchana anawasha gari kwenda ofisini kwa Bosi, na bahasha yangu anayo, kurasa zote mbili zimo. Nimemwagiza hivi: kaka yangu akikuambia ndiyo, chomoa ukurasa wa pili umpe auchane, kisha mpakie mwende naye. Akikuambia hapana, au akianza habari za mtandao, au akiwa ameenda kuchota maji, peleka bahasha ilivyo.

Utakwenda kumwambia Bosi wewe mwenyewe? Ndiyo au hapana. Kesho, saa sita mchana.

Mdogo wako